Mkunga na Vyura Wake wa Kabatini

Juzi kwenye hitima, tumekaa uani tunachambua mchele, nilimsikia mwanamke mtu mzima akiwaambia wasichana kwamba zamani pale Magogoni, Kisauni, paliishi bibi mchawi, akifuga vyura kwenye kabati la vioo ili aharibu mimba za watu. Niliuweka ungo chini. Mwanamke yule alizaliwa mikononi mwa bibi huyo anayemsema. Alitoka na kitovu kimemzunguka shingo, hana pumzi, na ni bibi huyo aliyemfungua, akamsugua mgongo mpaka akalia. Mamake alilisimulia jambo hilo mpaka siku za mwisho wake. Nikamwuliza, "Wewe uliwaona hao vyura?" Akasema hakuwaona, ila watu wanasema.

Watu wanasema. Basi na mimi leo nitasema, kwa kuwa niliwaona vyura, nikamwona na yeye, na nimechoka kunyamaza kwa ajili ya adabu.

Tulimwita Mkunga tu. Wakubwa walimwita hivyo na watoto walimwita hivyo, na wakati mmoja alipougua akapelekwa hospitali ya kisiwani, ng'ambo ya daraja, jirani aliyempeleka aliulizwa jina la mgonjwa akabaki ametumbua macho. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na alitembea upesi kuliko wanaume, buibui amelikunja akalibana kwapani lisimzuie miguu. Ukimwona anapita kwa mwendo ule ulijua kuna nyumba inamngojea. Ukimwona anarudi polepole, ulijua mtoto kazaliwa na mama yu salama. Huko Kisauni hatukuhitaji mtu wa kutuletea habari. Tulitazama miguu yake.

Kucha zake alizikata kila Ijumaa mpaka ukaona huruma. Akiingia nyumba ya mzazi, baada ya salamu, neno lake la kwanza lilikuwa "Maji," na la pili "Sabuni," na mikono aliiosha mpaka viwikoni, huku mwanamke anaugua na nyumba nzima inahangaika. Hakuharakishwa na mtu. Akina mama wakubwa walimwona ana maringo. Mimi nasema, zihesabuni basi nyumba alizoingia, mniambie ni ngapi zilizotoka maiti.

Lakini wale wanaotaka kumfanya malaika nao wananikera. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na ulimi. Siku moja mume wa jirani yetu alikuwa barazani na wenzake, wanabishana kuhusu Mwambao, nani atautawala Waingereza wakiondoka, Sultani au serikali ya Nairobi, na ndani mkewe yuko katika uchungu na mtungi hauna tone. Mkunga alitoka na ndoo, akaiweka katikati ya baraza lao. "Bwana, shika," alisema. "Mwambao utakungoja. Mkeo hangoji." Mtu mzima yule alikwenda kisimani na kanzu yake nyeupe, watu wanamtazama, na wala hakumrudishia neno.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza mpaka likatuchosha. "Umetazama?" Ukimwambia mtoto wangu ana homa, atakuuliza, "Ulimi umeutazama?" Ukimwambia fulani ameachika kwa sababu hii na hii, atakuuliza, "Ulikuwepo ukatazama?" Kama hukuwepo, mazungumzo yamekwisha, anza mengine. Kwa hiyo wapenda umbea hawakumpenda, na Kisauni ya siku zile, Mungu anisamehe, umbea ulikuwa ni chakula cha mchana.

Na mambo yake mengine hayakupatana. Nyumba yake hakuingia nzi. Alikuwa na kitambaa begani, akimwona mmoja anamwinda mpaka amtoe nje, na mgeni anangojea kahawa. Halafu kwenye rafu ya jikoni, nzi wanafugwa. Wallahi, wanafugwa: ndizi iliyopondeka ndani ya chupa, mdomo umefungwa kitambaa, na ndani usubi ule mdogo wa matunda mabovu unajaa. Tena mwanamke huyo aliyefuga vyura alimwogopa mjusi kafiri. Akimwona ukutani anapanda kitandani na viatu. Nilimcheka nikamwuliza, chura na mjusi wana tofauti gani. Akasema, "Chura anakaa anakutazama. Mjusi anakuangukia."

Vyura wenyewe waliletwa na mumewe. Mume alikuwa mpishi wa meli, mtu wa kuonekana kidogo na kupotea sana, na safari moja alirudi kutoka Amerika ya Kusini na mkebe wa biskuti uliotobolewa matundu. Wenzake walileta saa na vitambaa, yeye akaleta vyura. Alisema meli ilipakia ndizi bandari za huko, na wadudu hao wakatokea kwenye mikungu, akawahifadhi jikoni kwake na kuwalisha usubi wa matunda yaliyooza. Alipofungua mkebe pale barazani wanawake walirudi nyuma, kisha wakasogea. Hawakuwa kama vyura wetu wa madimbwini. Walikuwa wadogo, hawazidi ncha ya kidole gumba, weusi wa kung'aa, wenye mabaka ya kijani kibichi kama rangi ya mlango uliopakwa asubuhi ile ile. Mume alionya kwamba kwao watu hawawashiki, ngozi yao ina sumu, ingawa alisikia kwamba wakishakula chakula cha mbali na kwao sumu inaisha. Hakuwa na hakika.

Hapo hapo Mkunga alitoa sheria yake, na hakuivunja hata mara moja. Mkono wa kupokea mtoto haugusi chura. Akitaka kumhamisha alimwingiza kwenye upawa wa kifuu, akamfunika kwa kikombe. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu baadaye walidai ati alikuwa akitoka kuwashikashika vyura anakuja kushika watoto. Uongo. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, kwani halikuwapo.

Mume akaondoka tena, na safari hiyo hakurudi. Kulikuwa na maneno kwamba ameoa ng'ambo. Mkunga hakuyajibu. Watu wakasema analea vyura wa mwanamume aliyemtupa, na hilo nalo hakulijibu. Mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, aliniambia, "Yeye alijua kuwaweka hai miezi yote ile baharini. Mtu kama huyo si mtu wa kutupa kitu." Nikapiga funda la kahawa.

Mkebe wa biskuti si nyumba. Sonara mmoja alikuwa anahamisha duka lake kwenda kisiwani, na Mkunga alikuwa amempokelea pacha, basi alipotaka kumtuza alimwomba kabati lake kuukuu la vioo, lile la kuwekea bangili juu ya meza. Fundi wa madirisha aliziba pembe zake. Ikabaki kutengeneza ndani, na hapo alikosea, tena kosa la watu wa pwani hasa. Sisi ukituambia tuweke sakafu, tunajua jambo moja tu: mchanga wa bahari na mawe ya matumbawe. Ndivyo baba zetu walivyojenga. Alichota mchanga mweupe ufukweni, akapanga matumbawe kwa madaraja, akaweka na kombe mbili tatu. Likapendeza kama chumba cha bibi harusi. Mtaa mzima ulikuja kutazama, na hata mavyaa wangu, mamake mume wangu, alisifu.

Haikuchukua siku nyingi wawili wakafa. Walikuwa wamekakamaa, ngozi imesinyaa. Chumvi ilikuwa imewanyonya. Nilimkuta amekaa chini mbele ya kabati, upawa uko mapajani. "Nimewajengea nyumba ya kunipendeza mimi," alisema. "Wao sikuwatazama." Alitoa kila kitu siku ile ile, akaosha vioo kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vyetu nayo yana uchumvi.

Mara ya pili alikwenda pole pole. Chini kabisa aliweka vipande vya makaa, ili maji yanayozidi yashuke huko yasinuke. Juu yake makumbi ya nazi, ameyaloweka, ameyachambua, ameyakamua mpaka hayadondoki. Kisha udongo mweusi aliouleta kutoka chini ya mikanju, mikorosho, huko upande wa Junda, na majani makavu ya mikanju hiyo hiyo juu yake. Alipanda kangaga, mmea ule wa kivuli na unyevu. Alibandua lile zulia la kijani linaloota ndani ya kuta za kisima, akalisuuza mara nyingi, akalitandaza. Vifuu vya nazi alivikata mlango, akavifudikiza, vikawa nyumba zao za kulala. Kisahani cha maji ya mvua. Juu kabisa badala ya mbao aliwamba melimeli, kitambaa kile chepesi, hewa ipite na usubi usitoke. Na asubuhi na jioni aliwanyunyizia maji kwa mrashi, ule ule wa shaba aliotoka nao kwao siku ya harusi yake. Watu walisema ni kufuru, mrashi wa marashi kunyunyizia vyura. Yeye akasema marashi anayo mengi na wa kumnyunyizia hana.

Likawa ni msitu mdogo. Ulikaa, ukatulia, na baada ya muda, mmoja alijitokeza chini ya jani, kisha mwingine juu ya kifuu, na wakati wa mvua walitoa sauti nyembamba, kama cherehani inayoshona nyumba ya tatu. Aliliweka sebuleni pembeni mwa dirisha lisilopigwa na jua, na mkeka mbele yake. Mkeka ule ulikuwa wetu sisi wenye mimba. Tukija kukandwa, alitukalisha pale kwanza. "Tazama mpaka pumzi ikae," alikuwa akisema. Alikuwa hakandi tumbo la mwanamke aliyejikaza.

Mimi nilikuwa nimejikaza kuliko wote. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na hiyo ya pili niliibeba kama mtu aliyebeba yai juu ya jani. Mavyaa wangu alikuwa akinihesabia miezi kwa sauti mbele ya wageni. Ami yake mume wangu, mwenye duka la vitambaa na neno la mwisho katika ukoo wao, alikuwa ameshamwambia mume wangu kwamba kuna mabinti wengi. Niliyajua hayo yote. Nilikuwa nakwenda kwa Mkunga nimekaza meno, nakaa juu ya mkeka ule, naangalia yule mkubwa wao anavyopanda kangaga na kuteleza na kupanda tena, na nilikuwa nikirudi nyumbani naweza kula. Hakuna mtu mwingine mtaani pale aliyenifanyia hata robo ya hayo.

Mavyaa alinionya. Mja mzito hatazami viumbe vya ajabu, alisema, anachokitazama mtoto hukichukua. Hayo tumeyasikia sote tangu tukiwa wasichana. Nilikwenda vile vile.

Binti yangu alizaliwa mchana, kwa salama, kwa sauti kubwa. Mkunga alimfuta, akamtazama mwili mzima kama desturi yake, sikio kwa sikio, kidole kwa kidole. Akaniwekea kifuani. "Mtoto mzima," alisema. "Mkono wa kulia vidole viwili vimeshikana, cha kati na cha pete. Mfupa kila mmoja uko peke yake, ni ngozi tu. Akikua hospitali wataviachanisha. Umesikia? Mtoto mzima."

Nilisikia. Mavyaa naye alisikia, alikuwa mlangoni. Aliinua mkono ule mdogo kwenye mwanga wa dirisha, akautazama. Kisha akanitazama mimi, na jicho lile sijalisahau. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Namjua, najua lililokuwa linakuja, maana alikuwa amelitayarisha tangu ile mimba ya kwanza. Halafu macho yake yakahamia kwa Mkunga, na nikaliona wazo linaingia.

"Vyura," akasema. "Nilisema mimi. Ni wale vyura."

Nilimgeukia Mkunga. Mwanamke aliyeweza kumtia mwanamume ndoo mkononi, nilingoja aseme neno lake. Nilingoja aulize, "Umetazama?" Alikuwa akikunja nguo zake. Alisema tu, "Huenda," akanawa mikono na kutoka. Nililia, na watu wakadhani nalilia vidole.

Kabla ya wiki kwisha, Kisauni nzima ilikuwa inajua. Walionisema mimi hawakuwapo, kila neno lilikuwa juu yake. Amemroga mtoto wa watu. Amempokonya vidole awape vyura wake. Nyumba zilizokuwa zikimwita zikaanza kupeleka wanawake wao kisiwani, kuvuka daraja, wengine wakajifungulia garini. Mkeka ukabaki mtupu. Na wale wale waliofundishwa chuo cha Kurani pamoja nami kwamba chura hauawi, walikuwa wanatupa mawe dirishani kwake.

Lakini ami hakuridhika na maneno. Ami alikuwa mtu wa sheria. Siku zile Bwana Afya alikuwa akizunguka majumbani kutafuta maji yaliyotuama, kwa ajili ya mbu, na akiyakuta anayamiminia mafuta meusi. Ilikuwa ni kazi nzuri, sikatai, malaria ilikuwa inatumaliza. Ami alimpelekea habari kwamba kuna bibi Magogoni anaweka mitungi ya maji ya mvua na ana kabati zima la maji machafu sebuleni.

Walikuja asubuhi, Bwana Afya na bomba lake la mafuta, na ami na fimbo yake, na nyuma yao watu wasio na kazi. Nilikuwa ndani, ng'ambo ya kijia. Nilikuwa sijatoka arubaini. Mzazi hatoki nje kabla ya arubaini yake, na mimi nilitoka. Nilitoka na leso kichwani na mtoto kifuani, nikasimama mlangoni kwa Mkunga mbele ya wanaume wote wale.

Nilisema, "Ami, shikamoo. Mtoto ni wangu. Mimi sina malalamiko."

Hakuitikia marahaba. "Mzazi anafanya nini nje?" aliuliza watu, si mimi. "Mrudisheni ndani."

Bwana Afya, namkumbuka, alikuwa mtu mwenye haya kidogo. Aliinama kwenye mtungi akachungulia, akasema umefunikwa vizuri, haoni viluwiluwi vya mbu. Akaelekea kwenye kabati. Mkunga alikuwa amesimama kando yake, mikono ameifumbata, na alimwambia kwa utulivu, "Tazama, mwanangu. Chukua muda wako." Na kama angetazama! Lakini ami aligonga fimbo chini akasema hawakuja pale kwa tamasha, sheria ni sheria, maji ni maji. Bwana Afya alivuta melimeli. Akapiga bomba mara mbili.

Mafuta yale yalishuka juu ya kangaga, juu ya majani, yakatanda kwenye kisahani. Vyura walirukaruka kidogo. Ngozi yao ndiyo pumzi yao, alikuwa amenieleza hivyo mwenyewe, nami nilisimama pale nikitazama inavyozibwa. Walioona haya waliondoka mapema. Ami alikaa mpaka mwisho. Alikaa lakini alikuwa ametazama juu, dari, kama mtu anayengoja mvua ipite. Hilo nililikumbuka kila siku, mpaka nilipokuja kujua maana yake.

Walibaki wafu ndani ya ule msitu mdogo, isipokuwa mmoja aliyekuwa ndani ya kifuu cha pembeni, mlango umegeukia kioo. Mkunga alimtoa kwa upawa. Alimsuuza kwa maji ya mvua kwa mrashi, tone kwa tone. Kisha alifunga mizigo. Hakulia, hakulaani mtu. Alihamia Utange, kwa watu wa mashambani, ambao walimpokea kwa mikono miwili na hawakumwuliza anafuga nini. Nilimchukia kidogo kwa kunyamaza kwake, nalisema wazi. Nilitaka apigane. Mtu anakupaka uovu mbele ya watu nawe unasema "Huenda"?

Uhuru ukaja. Bendera mpya ikapandishwa, watu wakacheza mpaka asubuhi, na ami alisimama kwenye mkutano akasema sasa tumekuwa huru na ujinga wa zamani umekwisha. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Niliinuka nikaenda zangu.

Wiki zile zile tulipewa nafasi hospitalini, binti yangu aachanishwe vidole kabla ya kuanza shule. Alikuwa anaogopa, hali, halali. Nilijua mtu mmoja tu wa kumtuliza mtoto aliyejikaza. Siku moja kabla ya miadi tulipanda basi mpaka lilipokomea, tukatembea kwa miguu kwenda Utange, na mimi tumbo langu limeshaonekana, maana nilikuwa na mimba nyingine.

Alikuwa amezeeka. Mgongo umepinda, lakini kucha ziko vile vile. "Shikamoo, Bibi," binti yangu alisema. "Marahaba, mwanangu. Lete huo mkono." Aliushika, akaupapasa, akaugeuza juu chini. Aliniambia, "Mfupa kila mmoja uko peke yake. Si nilikwambia?" Kisha akamwonyesha pembeni ya chumba.

Kabati lilikuwapo. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka na kuzibwa. Kulikuwa na makumbi, na kangaga, na vifuu. Mkeka ulikuwa mbele yake. Mtoto alikaa bila kuambiwa, nami nikakaa kando yake na tumbo langu, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Halafu yule mmoja alitoka chini ya jani, mweusi na kijani chake, akaupanda ukuta wa kioo, tumbo limetugeukia sisi.

Binti yangu alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Alitandaza mkono wake wa kulia kando ya chura. Akatazama huku, akatazama kule.

"Mama," alisema, "mbona vyake vimeachana?"

Nikatazama. Mkono wa mbele, vidole vinne, kila kimoja peke yake, na kitufe kidogo kwenye ncha. Mguu wa nyuma, vivyo hivyo. Hapakuwa na utando. Hata kidogo. Nilikuwa nimewatazama vyura wale miezi na miezi na sikuwahi kutafuta vidole, kwa kuwa wakati ule vidole havikuwa na maana kwangu. Na ami alikuwa akitazama dari. Na mavyaa hakukanyaga tena nyumba ile tangu siku za matumbawe. Mtaa mzima ulisema mtoto amechukua vidole vya chura, na vyura wenyewe hawakuwa na vidole hivyo.

Niliona moto unanipanda. "Bibi, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua, na ulisema 'Huenda.' Ungewaambia waje watazame tu. Wangeona aibu. Usingehama, wasingekufa. Kwa nini hukusema?"

Alikuwa anajaza mrashi. Alimaliza kwanza. "Mwanangu, siku ile chumbani kulikuwa na watu wa kulaumiwa wawili," alisema. "Kulikuwa na vyura, na kulikuwa na wewe. Mavyaa wako alikuwa ameshafungua mdomo. Ningesema si vyura, angebaki na nani?"

Nililiona tena lile jicho pale mlangoni, na nikaliona linavyohama. Mimba moja imetoka, wa pili ana kasoro, na ami ana orodha ya mabinti. Ningerudishwa kwetu kabla ya arubaini, na mtoto wangembakisha. Alikuwa ametazama chumba kizima kwa mara moja, kama alivyomtazama mtoto, akajua lipi liokolewe. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia miaka yote hiyo. Nililia pale juu ya mkeka, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine, kwa sababu hakuna mtu anayepaswa kutoa alichokipenda ili mwanamke mwingine asifukuzwe nyumbani kwake kwa kuzaa.

"Basi," alisema. "Mtoto anatazama." Alimpa binti yangu chupa ya usubi, akamfundisha kuigonga juu ya melimeli, taratibu, wasitoke wote. Binti yangu aliigonga kwa vile vidole vyake viwili vilivyoshikana, na yule chura akala. Jioni ile mtoto naye alikula.

Tulirudi jua linazama. Mavyaa alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Alituuliza tumetoka wapi.

"Utange, Mama," nilimjibu. "Kwa Mkunga. Kutazama chura."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Alimtazama mtoto, kisha akalitazama tumbo langu, na nikaliona tena lile jicho linatafuta pa kwenda. Safari hii sikungoja lifike.

"Nimemtazama sana," nikamwambia. "Na kesho nikitoka hospitali, nitakwenda tena."